Samaki wa bahari ndani ya Nakuru: shajara ya chungu, mayai na stima kupotea

12 Januari

Sawa, wacha nianze kuandika hii kitu vizuri juu watu wananiuliza kila siku na mimi mwenyewe nasahau nilifanya nini lini. Mimi ni fundi wa friji hapa Free Area, mtaa wa Nakuru, na nyuma ya duka, pale nilikuwa natupa kompresa zilizokufa, kuna tangi la kioo la lita 240 na ndani yake samaki wawili wa baharini. Si tilapia, si kambale, ni wa bahari kabisa, wale wa kuishi kwa anemoni, mnyama wa bahari mwenye minyiri kama ua. Wako na mimi tangu Agosti. Jina la kitaalamu ni Amphiprion allardi na ni wa kwetu, anaanzia pwani ya Kenya kushuka mpaka KwaZulu-Natal, na Madagaska pia yuko. Mwili kahawia iliyoiva, mapezi ya machungwa, mistari miwili myeupe kama imeguswa na buluu kidogo, mkia mweupe. Watoto wa ploti wanamuita Nemo, jina la yule wa katuni, na nimechoka kuwasahihisha, yule wa katuni ni binamu yake wa upande wa Asia na Australia huko.

Mradi ni huu: nipate mayai, nilee vifaranga, wafike saizi ya kupewa mtu. Basi. Mtu wa Eldoret ama Kisumu akitaka huyu samaki, asitolewe mwingine kwa mwamba wa baharini.

Sababu nayo ni aibu kidogo. Hawa wawili niliwanunua kwa mzee mmoja wa Kwale mwenye leseni ya kukamata samaki wa mapambo, na wakati ananifungia mfuko akaniambia, "Mwanangu, huyu mkubwa ndiye mke, huyu mdogo ndiye mume. Leo umenunua nyumba nzima." Mimi nikacheka nikidhani ni ucheshi wa watu wa pwani. Nikafika nyumbani nikaanza kusoma, kicheko kikaisha.

Iko hivi. Kwa anemoni moja kunakuwa na ngazi. Mkubwa kuliko wote ni jike. Wa pili ni dume lake. Wengine kama wapo ni wadogo, hawazai, wanangoja tu. Wote walianzia upande wa udume, hakuna aliyezaliwa jike. Jike akifa dume anageuka anakuwa jike, kisha mkubwa wa wale wanaongoja anapanda anakuwa dume. Wajerumani wawili, Hans na Simone Fricke, waliandika hii maneno 1977. Halafu 2003 Peter Buston akaonyesha kwamba wale wa chini wanajizuia kukua, kila mmoja anabaki mdogo kiasi fulani chini ya aliye mbele yake ili asionekane anataka kiti. Kama foleni ya kinyozi Jumamosi, hakuna kuruka, tofauti ni kwamba hapa ukifukuzwa kwa foleni unaenda kuliwa. Na foleni yenyewe ni ndefu, kuna aina moja wamekadiria jike anaweza kufika miaka 30.

Sasa mimi nilichukua mke na mume siku moja. Hiyo ndiyo nyumba nzima mzee alikuwa anasema.

20 Januari

Leo ni maji. Mzee jirani, fundi viatu, amekuja akasimama kwa mlango akaniuliza swali ambalo nusu ya Nakuru imeniuliza: "Kijana wangu, si uchote tu maji ya ziwa, si nayo iko na chumvi?" Nikamwambia mzee, ile ni magadi. Ziwa letu pH yake, kile kipimo cha asidi na magadi, imewahi kufika kama 10, bahari ni 8 na kitu. Huyu samaki ukimuweka huko anaungua matamvua kabla umalize chai. Akatikisa kichwa, akasema basi hata flamingo ni watu wagumu.

Chumvi ya jikoni nayo haifai, hiyo ni sodiamu na kloridi tu na ayodini ya kuongezwa, bahari iko na magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine. Kwa hivyo nanunua ile ya kuchanganya, gramu kama 35 kwa lita moja, na ndoo moja inakula pesa karibu kama kodi ya nyumba. Maji yenyewe ni ya mvua kutoka kwa mabati, nayapitisha kwa filta. Ya borehole sitaki kabisa, hapa kwetu borehole nyingi ziko na floraidi, angalia tu meno yetu.

2 Februari

Watu wameniuliza anemoni iko wapi. Hakuna. Kuna chungu cha maua kilichovunjika mdomo, kimelala upande, na hao wawili wamekikubali kama kwao. Wanalala humo, wanakitetea, nikiingiza mkono kusafisha kioo yule mke ananiuma. Haiumi lakini inaaibisha, samaki wa sentimita tisa anakufukuza kwa tangi ulilojenga mwenyewe. Na anapiga kelele pia, ukiweka sikio karibu na kioo unasikia kitu kama tok-tok-tok. Nilidhani ni pampu imeanza kuharibika. Kumbe ni meno, wanafunga taya haraka meno yanagongana, wanasayansi walilipima hilo 2007.

Kuhusu anemoni nilifikiria sana na nikaamua hapana. Ile kitu ni mnyama, hata kama inakaa kama ua. Minyiri yake imejaa vijisindano vya sumu, samaki mwingine akigusa ameisha, lakini huyu wetu ute wa ngozi yake uko tofauti, haviamshi vile vijisindano. Anapewa ulinzi, na yeye analipa: anafukuza samaki wanaokuja kutafuna minyiri, kinyesi chake na mkojo ni mbolea ya wale mwani wadogo wanaoishi ndani ya anemoni, na usiku akitingisha mapezi katikati ya minyiri anaizungushia maji anemoni ipate hewa. Duniani kote ni aina 10 tu za anemoni ambazo hawa samaki wanakubali kukaa nazo, na samaki wenyewe ni aina karibu 30. Anemoni inakua polepole na inaishi miaka mingi sana. Ukiing'oa umebomoa ploti, si nyumba moja.

Na hata bila sisi kung'oa, joto linazisumbua. Maji yakipata joto kupita kiasi wale mwani wanatoka, anemoni inapauka inakuwa nyeupe kama karatasi, vile matumbawe ya pwani yetu yalifanya 1998 na mengi yakafa. Kule Moorea, kisiwa cha Polinesia ya Kifaransa, waliangalia samaki waliokaa kwa anemoni zilizopauka 2016, wakapata wamejaa homoni za msongo wa mawazo na uzazi umeanguka kwa asilimia 73. Anemoni haijafa, imepauka tu, lakini mwenye nyumba ameacha kuzaa. Hiyo namba imenikaa kichwani.

9 Februari

MAYAI!! Kwa ukuta wa ndani wa chungu, kiraka saizi ya sarafu ya shilingi ishirini, rangi ya machungwa. Nimepiga kelele mpaka mteja aliyeleta freeza akadhani stima imenirusha.

11 Februari

Baba ameyala yote. Nimesoma, ni kawaida kwa mara ya kwanza, dume bado hajui kazi. Sawa. Lakini uchungu uko.

15 Februari

Chakula cha vifaranga, hapa ndipo kuna hadithi tamu. Kifaranga akitoka kwa yai ni milimita kama nne, mdomo wake hauwezi kumeza kitu unachoona kwa macho. Anahitaji rotifa, mdudu wa maji wa nusu ya nusu ya milimita hivi, na aina wanayotumia dunia nzima kulea samaki wa bahari inaitwa Brachionus plicatilis. Natafuta nitaagiza wapi, nasoma nasoma, nakuta jina hilo hilo limeandikwa na watafiti wa zamani kwa orodha ya wadudu wa Ziwa Nakuru. Ziwa letu! Ile supu ya kijani flamingo wanachuja, ndani yake kuna jamaa wa huyo mdudu. Nilicheka peke yangu.

Kabla mtu aniambie nichukue chupa niende: ni mbuga ya kitaifa, huchoti kitu hapo kienyeji, na wale wa ziwa wamezoea magadi miaka na mikaka, si lazima wakubali maji ya bahari. Nimeagiza mbegu Nairobi, imekuja kwa matatu ndani ya chupa ya soda, kondakta akaniuliza kama ni dawa ya kienyeji.

Rotifa nao wanakula mwani mdogo sana unaoitwa Nannochloropsis, kwa hivyo sasa nina ndoo mbili za maji ya kijani, ndoo mbili za rotifa, na dada yangu ambaye tunashiriki choo cha nje amesema nikiongeza ndoo nyingine anahama.

24 Februari

Mayai ya pili. Safari hii baba hajala. Naandika hii nikiwa nimekaa kwa kreti ya bia mbele ya tangi. Anayapepea na mapezi ya mbavuni, kushoto kulia kushoto kulia, anasimama, anaweka mdomo kwa yai moja moja kama mtu anapanga mahindi, lile lililoharibika analitoa, anarudi kupepea. Mke anapita tu kuangalia, kama mdosi wa mjengo. Kazi yote ni ya baba.

3 Machi

Siku ya saba. Mayai si ya machungwa tena, yamekuwa kijivu na ukimulika na tochi kila yai lina macho mawili ya fedha yanakuangalia. Mia kadhaa za macho. Nilizima tochi haraka, sijui mbona niliona haya.

4 Machi, usiku

Wametoka. Walitoka giza limeingia vizuri, masaa mawili baada ya kuzima taa, ndivyo inakuwaga, baharini wakitoka mchana wanaliwa wote. Nikaweka mwanga mdogo wa simu kwa kona moja, wakaja wote pale kama kumbikumbi, nikawachota na jagi pole pole. Nakadiria 300. Wako kwa beseni nyeusi lita 30, maji ya kijani, rotifa kama 10 kwa kila mililita, nahesabu na lenzi niliyoazima kwa fundi wa saa.

7 Machi

Wamebaki labda 120. Rotifa za ndoo moja zilikufa zote kwa siku moja, maji yakanuka, na mimi sikuwa nimegawa vizuri. Wengine naona matumbo matupu, wanazunguka kichwa chini. Hii ndiyo sehemu hakuna mtu anaeleza, kwamba utasimama hapo na jagi ukiangalia njaa.

15 Machi

41. Lakini hao 41 leo wameanza kuvaa! Siku ya kumi na moja, mstari wa kichwani unatokea kwanza, kama mtu amechora na chaki, halafu wameacha kuelea katikati wanashuka chini na kukaa upande wa beseni. Kwa bahari huu ndio wakati wanarudi kutafuta mwamba, wanaufuata kwa harufu. Kule Kimbe Island, Papua New Guinea, walipima 2007 wakapata kama asilimia 60 ya watoto wa aina moja ya hawa samaki wamerudi mwamba ule ule walikozaliwa, baada ya kupeperushwa na maji siku zote hizo. Na kuna wa Oman waliopatikana wamesafiri kilomita 400. Wengine nyumbani, wengine mbali kabisa, kama watoto wa familia yoyote hapa.

Kwa sasa wanakula artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, waliototolewa jana.

29 Machi

19. Wazima, wakorofi. Mayai mengine mke aliweka katikati ya mwezi nikayaacha tu, sina rotifa za kutosha kulea mara mbili na sitaki kuwatoa waje kufa njaa.

7 Aprili

Sijui nianzie wapi. Stima ilipotea jana saa nne usiku ikarudi saa kumi na mbili asubuhi. Betri ya pampu za hewa ilikuwa kwa shemeji, nilimpa Ijumaa aende nayo kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya kuchezea muziki, nikasema atarudisha Jumatatu. Nimeingia asubuhi mke amelala kwa mchanga, ubavu juu, mume anazunguka chungu.

Hesabu niliijua. Nakuru tuko mita 1,850 juu ya bahari, hewa ya hapa ni nyepesi, maji ya chumvi ya joto la 27 kule Mombasa yanabeba kama miligramu 6.5 za oksijeni kwa lita, hapa yanabeba kama 5.2 pampu ikiwa inafanya kazi vizuri. Nilianza mradi nikijua niko chini kwa asilimia 20. Halafu nikapeana betri. Mkubwa ndiye anahitaji hewa nyingi, mkubwa ndiye ameenda. Na vifaranga watano pia, wamebaki 14.

Shemeji amepiga simu kuomba msamaha, nikamwambia wacha bwana, si wewe.

10 Aprili

Mume hali vizuri siku mbili sasa. Leo amekula kidogo. Kitu kimoja nimeona, wakati wa mke alikuwa akimkaribia anatetemeka mwili, ile kutetemeka ya kusema nimekubali wewe ndiye mkubwa. Sasa anaogelea katikati ya tangi mahali hakuwa anafika.

27 Aprili

Nimesoma kwamba kugeuka kunaanzia kwa ubongo. Tabia inabadilika mapema, ubongo unabadilika, halafu via vya uzazi vinafuata pole pole, inaweza kuchukua miezi. Kwa hivyo huyu wangu sasa ni nani sijui nimuite vipi, dada yangu amesema niseme tu "mwenye chungu".

Shida ni kwamba peke yake haiwezi kwenda mahali. Lazima awe na mdogo wa kuwa dume. Nina vifaranga 14 na kila mtu ananiambia weka mmoja hapo mambo iishe. Lakini hao ni watoto wake. Kwa bahari haiendi hivyo, walipima undugu wa samaki wanaokaa kwa anemoni moja wakapata kwa kawaida hawana undugu, kwa sababu watoto wanapeperushwa wanachanganyika. Sitaanza ukoo wa kuoana baba na mtoto ati nimeokoa mwamba.

3 Mei

Nimempigia mzee wa Kwale. Nilikuwa nimeogopa, nikamueleza yote hata ya betri. Akanyamaza, akasema, "Pole, mwanangu. Sasa wataka nini?" Nikasema nataka mdogo, lakini si wa nyumba nzima, nataka yule wa mwisho kwa foleni. Akacheka kidogo. "Sasa umeanza kuelewa." Akasema hawa allardi mara nyingi ni wawili tu pale, ataangalia mahali kuna mdogo wa tatu, na asipopata hanitumii. Ukimtoa wa chini, mke na mume wanabaki na kazi yao inaendelea, na nafasi yake anaweza kuingia mwingine anayetoka kwa maji. Si kwamba haina hasara. Ni hasara ndogo.

Nikamuuliza kuhusu sehemu za hifadhi, akasema huko hawagusi, Kisite wanapita mbali na boti. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, mzee anasema hata babake alikasirika wakati huo na sasa yeye ndiye anawasomea vijana wake.

31 Mei

Amefika! Basi ya usiku, kilomita zaidi ya 600, ndani ya kisanduku cha barafu bila barafu na mfuko uliojaa oksijeni. Sentimita tatu na nusu. Nimemuweka ndani ya kapu la plastiki lenye mashimo ndani ya tangi, akae humo siku kama nne, waonane bila kuumana.

5 Juni

Nimefungua kapu. Mwenye chungu akaja mbio, mdogo akageuza ubavu akatetemeka mwili mzima kama simu iko vaibreti. Akaachwa. Nimeangalia hiyo kitu mara tatu leo na kila mara ni mdogo anayetetemeka. Ngazi imerudi.

13 Julai

Baridi ya Julai imefika, usiku nyuzi 10 hivi nje, hita mbili zinafanya kazi bila kupumzika na tokeni zinaisha kama karanga. Betri sasa imefungwa kwa ukuta na mnyororo, si mchezo, mnyororo wa baiskeli na kufuli.

Mama mmoja mteja ameona vifaranga, sasa wako sentimita mbili na nusu, akaniambia hawa wazuri hivi warudishe baharini mwanangu, Mungu atakubariki. Nimemueleza kwa heshima kwamba hapana, wamekulia kwa ndoo zangu, wanaweza kuwa na ugonjwa wa ndoo zangu, na wote ni wa mama mmoja. Kazi yao si kurudi, kazi yao ni kukaa kwa tangi la mtu ili wenzao waachwe kule. Akasema sawa, lakini uso ulikuwa bado unaniambia niwarudishe.

17 Agosti

Wanne wameenda Kisumu kwa jamaa anayelea samaki wa mapambo, nimempa bure kwa sharti moja, asinunue wa kutoka kwa mwamba wa kuwaongezea. Wawili wameumana mikia nimewatenga. Nane wako sawa.

Kwa tangi kubwa: mwenye chungu ameongezeka, nimempima kupitia kioo na rula amepita sentimita nane, alikuwa sita na nusu wakati wa mke wake. Na ameacha kazi. Tangu Aprili sijamuona akigusa ule ukuta wa chungu wa mayai, hata mwani ulikuwa umeota pale. Leo jioni nimeenda kuzima taa nikapata yule mdogo ameweka mdomo pale pale, anasugua, anatema, anasugua, amesafisha sehemu kama ya ukucha wa kidole gumba, na mwenye chungu amekaa kando anaangalia.

Mayai bado. Nimeanzisha ndoo mbili za rotifa.